Vistari Viwili vya Penseli

Kwa miezi saba mtunza masijala hakukitambua kile kiti. Kukiona alikiona, tena kila Jumatatu saa tatu asubuhi, alipopandisha barua kwa katibu muhtasi wa mkurugenzi na kupita mbele ya chumba cha mikutano cha ghorofa ya tatu, chenye mlango wa kioo. Ndani waliketi watu tisa kuizunguka meza ndefu, na viti vilikuwa kumi. Kiti cha kumi, mkono wa kushoto wa shemeji yake, hakikukaliwa na mtu. Kilikaliwa na mkoba mweusi wa kompyuta. Mezani mbele ya kiti hicho palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa, ambacho kutoka koridoni kilionekana mgongo tu, mweupe mtupu. Mtunza masijala hakuhitaji kuuliza. Maelezo alikuwa nayo: shemeji amekuwa mkubwa kiasi kwamba hata mkoba wake unaketi na wakurugenzi, na yeye, mwenye miaka ishirini na sita kazini, anasimama koridoni na bahasha kwapani. Maelezo hayo yalimtosha. Mwenye wivu akishapata maelezo ya kwanza hatafuti ya pili.

Masijala yenyewe ilikuwa chini kabisa, upande wa nyuma wa Idara ya Ardhi: chumba kirefu chenye madirisha matatu yasiyofunguliwa kamwe, kwa kuhofia upepo usije ukachezea karatasi. Humo mlikuwa na majalada elfu arobaini na moja na ushei, kila kiwanja na jalada lake, yamesimama kwenye rafu za chuma mpaka darini, na ngazi ya magurudumu iliyolia ikisukumwa. Mtunza masijala aliijua milio yake yote. Aliweza kukaa mezani na kujua, kwa kusikiliza tu, kama karani msaidizi amesimama kwenye rafu ya makaburi au ya viwanda.

Kazi hiyo alirithishwa na mzee mmoja aliyekuwa na desturi ya kuramba ncha ya penseli kabla ya kuandika. Mzee huyo, ambaye sasa ni marehemu, alimfundisha alama tatu, na alimfundisha kwa mdomo tu, kama mtu anayemwonyesha mwanawe mahali ufunguo unapofichwa. Kistari kimoja chini ya namba, kwenye kona ya juu ya jalada: kiwanja kina kesi mahakamani. Vistari viwili: mwenyewe amefariki na warithi hawajaelewana. Kiduara: kiwanja hicho kina majalada mawili, usithubutu kutoa jibu kabla hujamtazama pacha wake. Kwa nini penseli? Kwa sababu wino unaapa, alisema mzee, lakini penseli inasubiri. Ugomvi ukiisha unafuta, na jalada linabaki safi. Kanuni za Idara hazikuzitaja alama hizo. Kwa kweli kanuni zilikataza kuandika chochote juu ya jalada. Hivyo kazi ile ilikuwa ikiokolewa kila siku na jambo lililokatazwa.

Mtu alipoleta maombi ya cheti cheupe, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba kiwanja hakina mgogoro, mtunza masijala alitazama kona kwanza. Penye alama aliandika kwenye kijitabu, "Jalada linafanyiwa kazi," na maombi yalilala. Maneno hayo matatu yalitaniwa mji mzima. Watu waliyatumia kwa mchumba asiyeoa na kwa maharage yasiyoiva. Ghorofa ya tatu waliyahesabu kuwa uvivu, wakaandika ripoti kuhusu ucheleweshaji, na ripoti hiyo ndiyo iliyozaa mradi wa kompyuta. Hakuna aliyeshuka kuuliza jalada lilikuwa likifanyiwa kazi gani.

Mtu mmoja tu wa nje aliujua ukweli. Alikuwa fundi cherehani, mjane, ambaye ndugu wa mumewe walikuwa wakikitaka kiwanja alichojengewa nyumba na chumba cha vyerehani viwili. Kila Januari alikuja masijala mikono mitupu, bila barua wala wakili, akasimama kwenye kaunta na kuuliza, "Mzee, vistari vyangu vipo?" Mtunza masijala alilishusha jalada na kumwonyesha kona. Mama yule aliitikia kwa kichwa, akaaga, akaenda zake. Mwaka wake ulikuwa umekwisha kupata ulinzi. Naye mtunza masijala, siku hizo za Januari, alirudi nyumbani akitembea kama mtu mrefu.

Kisha akaja shemeji.

Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, kitinda mimba wa kwao, mtaalamu wa mifumo ya kompyuta aliyesomea ng'ambo na kurudi na miwani myembamba na tabia ya kusikiliza mpaka mtu amalize. Wizara ilimpa mkataba wa kuhamishia masijala yote kwenye kompyuta. Siku ya kutambulishwa, mkurugenzi aliwakusanya wafanyakazi uani, na shemeji, alipomwona mume wa dada yake nyuma ya watu, aliuacha mstari wa wakubwa akaja kumshika mikono yote miwili na kumwamkia kwa heshima. Watu wakacheka kwa furaha. Mkurugenzi naye akasema kumbe ni mambo ya ndani ya familia, basi kazi imekwisha. Mtunza masijala alicheka pamoja nao, lakini kitu kidogo kilimkaa kohoni kama mfupa wa samaki. Yeye aliingia Idara hii kama tarishi, kwa mlango wa nyuma, akisukuma baiskeli.

Nyumbani mfupa ule ulizidi kuzama. Kabla ya hapo mkewe alikuwa na mazoea ya kumuuliza, akimwekea maji ya kunawa, majalada yamesema nini leo. Naye humsimulia habari za mipaka iliyohama usiku na ndugu waliogombania upana wa mlango, na mkewe hucheka mpaka akajifuta macho. Sasa alimuuliza, "Umemwona mdogo wangu leo? Amekula?" Alisimulia kwa jirani jinsi mdogo wake alivyoingia serikalini kwa mlango wa mbele. Alilitundika ukutani gazeti lenye picha ya mdogo wake na mkurugenzi, mahali ambapo kwa miaka kumi na minne palikuwa na cheti cha mtunza masijala cha mfanyakazi bora. Cheti kilihamia juu ya kabati, kikalala chali.

"Mgema akisifiwa..." alisema mtunza masijala siku moja, bila kumalizia.

"Malizia," mkewe alimwambia.

"Nimesahau mwisho wake."

"Hujasahau. Unaona haya."

Kazi ya kuskani ilianza mwezi wa pili wa mkataba. Walikuja wafanyakazi wa mkataba kumi na wawili, wakapanga meza na mashine tatu katikati ya rafu. Utaratibu wao ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi ngumu na kubandikwa ukutani. Jalada linashushwa, karatasi za ndani zinatolewa vibanio, zinapita kwenye mashine moja baada ya nyingine, zinahesabiwa. Na gamba la nje, kwa kuwa namba na jina vilivyomo juu yake vimo pia kwenye karatasi ya kwanza, linatiwa kwenye gunia na kupelekwa stoo ya uani, kungoja gari la kiwanda cha karatasi.

Mtunza masijala alisoma utaratibu ule akiwa amesimama, miwani yake imeteremka puani. Aliusoma mara mbili. Alama zote zilikuwa kwenye magamba.

Msimamizi wa wale wafanyakazi, mwanamke mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, alimwona ametazama ukuta kwa muda mrefu, akamsogelea. Alitaka kuwa na hakika. "Mzee, haya magamba ya nje hayana kazi, sivyo?"

Hapo palikuwa na nafasi ya pumzi moja. Ndani ya pumzi hiyo mtunza masijala alimwona shemeji akiingia na miwani yake myembamba, akaliona gazeti ukutani, akaona na cheti kilicholala chali. Akafikiri: wamesoma ng'ambo, wana mashine tatu, wana mkutano wa watu tisa. Wajue wenyewe.

"Fuateni maelekezo mliyopewa," alisema.

Halikuwa neno la uongo. Lingekuwa la uongo lingemsumbua zaidi. Alijiambia kwamba hakuna aliyemuuliza rasmi, kwamba siku atakapoulizwa rasmi atasema, na kwamba kungoja kuulizwa ndiyo adabu ya mtumishi mdogo mbele ya wakubwa. Kijiba cha roho kina ufundi huo: humvika mtu nguo za adabu, akatoka nazo hadharani na watu wakamsifu kwa unyenyekevu.

Jambo moja tu alilifanya. Zamu ya rafu ya fundi cherehani ilipokaribia, alilivua gamba la jalada lake kwa mkono wake mwenyewe, akawakabidhi karatasi za ndani, na gamba akalitia kwenye droo yake na kufunga kwa ufunguo. Alijiambia kwamba yule mama sasa yuko salama. Alijiambia pia, ingawa kwa sauti ya chini zaidi, kwamba siku mfumo utakapokwama na shemeji atakaposhuka ngazi akitokwa jasho kuuliza kumekosekana nini, yeye atafungua droo polepole mbele ya watu wote.

Shemeji hakungoja mfumo ukwame. Alikuja kula Jumapili, kama alivyozoea, na baada ya kunawa, dada yake akiwa ametoka kuanika vyombo, aliuliza kwa sauti ya mtu anayepapasa gizani kama kuna kitu chochote masijala kinachofanyika bila kuandikwa.

"Hata mazoea tu, shemeji," aliongeza. "Vitu ambavyo mtu anavijua kwa sababu amekaa. Kule juu nasomewa kanuni, lakini kanuni haziniingii. Naona kama kuna mlango sijauona."

Mtunza masijala alimtazama. Alisikia katika maneno yale kejeli ambayo hayakuwa nayo: mkubwa wa ghorofa ya tatu anamjia kwa siri, Jumapili, mezani kwake, ili kesho aipande ngazi na maarifa ya mwenzake mkobani. Mbona asimwite mkutanoni kama watu wengine?

"Kila kitu kimo kwenye kanuni," alijibu. "Au ng'ambo hawafundishi kusoma?"

Shemeji alicheka, kwa kuwa mashemeji hutaniana na utani una haki ya kuuma. Lakini alicheka kidogo mno, akaitazama meza, na aliporudi dada yake wakazungumza habari za mama yao. Mtunza masijala alikula matunda yake kwa utulivu mkubwa. Kwa muda wa wiki nzima alijisikia mshindi wa jambo ambalo hakuweza kulitaja.

Huko juu, mambo yalikwenda kwa asilimia. Kila Jumatatu mkurugenzi alitaka namba ya kupeleka wizarani: asilimia thelathini, hamsini na tano, themanini. Kilichohesabiwa ni kurasa zilizopita kwenye mashine, na kurasa zilipita vizuri. Shemeji aliomba mwezi mmoja wa kujaribu mfumo sambamba na majalada ya zamani. Mwezi huo ulikatwa, kwa sababu waziri alikwisha kupewa tarehe ya kukata utepe na tarehe ya waziri hairudi nyuma. Karani msaidizi alileta habari hizi masijala pamoja na chai, na mtunza masijala alizipokea kwa uso wa msiba na moyo wa sherehe. Alipomwona shemeji koridoni, amekonda, macho mekundu, mkoba umemning'inia begani kama mtoto mgonjwa, alihisi ubaridi mtamu kifuani, mfano wa mtu aliyekunywa maji ya mtungi baada ya mwendo wa jua. Alimuuliza habari za afya. Alimshauri apumzike.

Utepe ulikatwa. Cheti cheupe, ambacho zamani kilichukua wiki tatu, sasa kilitoka kwa robo saa. Watu walipiga picha nacho. Kaunta ya masijala ilifungwa, nyingine ikafunguliwa juu yenye viti vya plastiki na feni, na mtunza masijala akabaki chini na rafu zilizoachwa na karatasi zilizofungwa kwa kamba, bila magamba, kama kuku walionyonyolewa. Kwa wiki tano hakuna mtu aliyemuuliza chochote, rasmi wala isivyo rasmi. Mfumo haukukwama. Hilo hakulitarajia. Alikuwa amengoja mlio wa kitu kinachovunjika, na hakujua kwamba kitu kama hiki huvunjika kimyakimya, kikitoa majibu ya haraka, safi, na yenye mhuri.

Wiki ya sita fundi cherehani alishuka ngazi. Haikuwa Januari. Alikuwa na vumbi miguuni na sindano mbili bado zimechomekwa kifuani mwa gauni lake, dalili ya mtu aliyeacha kazi katikati. Alieleza kwa mpangilio, kama mwenye kupima kitambaa. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, alikwenda kaunta ya juu na kuomba cheti cheupe cha kiwanja. Alipewa kwa robo saa. Kwa cheti hicho akakiuza. Asubuhi ile mnunuzi alikuja na watu na nguzo za uzio, na nguzo ya tatu ilisimikwa mbele ya mlango wa chumba cha vyerehani.

"Nimewaambia nina vistari viwili," alisema. "Wakanicheka. Kule juu nimeuliza, wanasema kwenye kompyuta hakuna kitu. Mzee, vistari vyangu vimekwenda wapi?"

Mtunza masijala alichukua ufunguo, akafungua droo, akalitoa gamba na kuliweka mezani kati yao. Vistari viwili vilikuwepo, vyeusi, vimenyooka, kana kwamba vimechorwa asubuhi ileile.

Mama yule aliunyoosha mkono akavigusa kwa ncha ya kidole, polepole, asije akavifuta.

"Kumbe ulivifungia humu," alisema. "Mimi nilidhani vinafanya kazi."

Alishukuru kwa desturi tu, akageuka, na mlango wa masijala ukajifunga nyuma yake kwa uzito wake wenyewe.

Hakuwa peke yake. Ndani ya siku kumi walijitokeza watu hamsini na wanne wenye vilio vya namna moja, kisha mia na zaidi: viwanja vyenye kesi vimeuzwa, viwanja vyenye pacha vimetolewa hati mbili. Mfumo ukazimwa. Gazeti lile lile lililokuwa ukutani likaandika kwamba mamilioni yametupwa, na shemeji akapewa barua ya kusimamishwa hadi kamati ya uchunguzi itakapokaa.

Saa aliyoingoja mtunza masijala ilikuwa imefika, na ilikuwa na ladha ya majivu. Mkewe aliliondoa gazeti ukutani. Hakukirudisha cheti. Aliuacha msumari mtupu. Jioni ya siku ya tatu aliketi mbele ya mumewe, akaweka mikono yake mezani.

"Mdogo wangu anasema kuna kitu hakuambiwa," alisema. "Hajui kitu gani, wala nani hakumwambia. Hamlaumu mtu. Mimi masijala siijui, baba watoto. Ila wewe nakujua."

"Sikuulizwa."

"Uliulizwa. Nilikuwa naanika vyombo, si kiziwi. Mficha uchi hazai. Na wewe umeficha uchi usio wako."

Kamati ilikaa Jumatatu iliyofuata, saa tatu asubuhi, ghorofa ya tatu. Mtunza masijala aliitwa kama shahidi wa mambo madogo, kuthibitisha idadi ya majalada. Alichukua bahasha kubwa ya kaki na kupanda. Kwa mara ya kwanza mlango wa kioo ulifunguliwa kwa ajili yake. Wageni wa kamati walijaza viti, na alipokuwa akitafuta mahali pa kusimama, shemeji aliinuka, akaunyanyua ule mkoba mweusi, akauweka sakafuni, na kumwashiria aketi.

Aliketi. Na hapo ndipo alipouona upande wa pili wa kile kikaratasi kilichokunjwa. Kilikuwa kimejikunja kingo kwa kukaa, na kilikuwa na duara la kikombe cha chai lililokauka. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa, kwa mwandiko wa shemeji: MTUNZA MASIJALA.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa akimuuliza shemeji kama aliwahi kutaka ushauri wa masijala. Shemeji alisema jambo hilo lilijadiliwa. Mwenyekiti hakuridhika, akataka kumbukumbu. Katibu muhtasi, yule yule aliyepokea bahasha kila Jumatatu, alifungua daftari na kusoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Kikao cha kwanza: mtaalamu aliomba mtunza masijala aalikwe, iliamuliwa kwamba cheo chake hakimruhusu kuhudhuria kikao cha ngazi hii. Kikao cha nne: mtaalamu aliomba tena, mkurugenzi alisema masijala ni stoo na stoo haihudhurii mikutano. Kikao cha kumi na moja: mtaalamu aliomba kiti kisiondolewe, iliruhusiwa.

Mkurugenzi alijikohoza. Shemeji hakumtazama mkurugenzi wala mtunza masijala; alitazama meza kwa haya, kama mtu ambaye siri yake imeanikwa. Miezi saba alikuwa amelimeza lile neno "stoo" ili lisimfikie mume wa dada yake. Na kwa kuwa mlango wa mbele alinyimwa, alijaribu ule wa Jumapili.

Mtunza masijala aliulizwa idadi ya majalada. Aliitaja. Kisha, hali hakuna aliyemuuliza, akafungua bahasha ya kaki na kulitoa gamba.

"Jibu ulichoulizwa tu," mkurugenzi alimwambia.

"Nimekuwa nikifanya hivyo, mheshimiwa," alisema. "Ndiyo maana tuko hapa."

Akaeleza. Alieleza kwa usahihi wa mtu wa mafaili: kistari kimoja, vistari viwili, kiduara, mzee wa penseli, maana ya jalada linafanyiwa kazi. Aliwaambia yalipo magamba. Alipofika kwenye siku ya utaratibu uliobandikwa ukutani, sauti ilimpungua, lakini hakuruka ukurasa.

"Niliona siku ya kwanza," alisema. "Msimamizi aliniuliza, nikamwambia afuate maelekezo. Shemeji yangu aliniuliza nyumbani kwangu, nikamkejeli. Sikusahau wala sikuchelewa. Nilimwonea wivu."

Neno hilo halikuwa na mahali pa kuandikwa katika fomu za kamati. Katibu muhtasi aliinua kalamu, akaishusha. Ripoti ilipotoka ilikuwa na kurasa tisini na mbili, na kurasa hizo zilizungumzia nyaya, uwezo wa mitambo, na upungufu wa mafunzo. Penseli haikutajwa hata mara moja. Mwaka uliofuata wizara nyingine iliichukua ripoti hiyo kama mwongozo na kununua mitambo yenye nguvu zaidi.

Walipotoka, shemeji alimfuata kwenye ngazi. Chini, mbele ya mlango wa masijala, shemeji alisimama akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati.

"Ungeniambia, shemeji," alisema. "Hata kwa matusi."

"Nawe ungeniambia habari za kiti."

"Ningekuambiaje?"

Mtunza masijala akafungua mlango wa nyuma, wakaenda wote wawili mpaka stoo ya uani.

Gari la kiwanda cha karatasi lilikuwa limekwisha kuja mara mbili. Magunia yaliyosalia yalikuwa mia moja na sita, karibu theluthi mbili ya yote. Iliwachukua watu wanne miezi kumi na moja kuyafungua na kuingiza alama kwenye kompyuta, kila moja kwa jina lake la wazi. Magamba yaliyopotea hayakupatikana. Wenye viwanja hivyo wanapigana mahakamani mpaka leo. Fundi cherehani alipata amri ya kuzuia ujenzi kwa ushahidi wa gamba lile, na nguzo ya tatu iling'olewa, lakini kesi ya urithi haijaamuliwa. Haji tena masijala Januari. Huenda kaunta ya juu, akadai aonyeshwe vistari vyake kwenye kioo cha kompyuta. Mkurugenzi alihamishiwa idara kubwa zaidi. Mtunza masijala alipewa onyo la maandishi na kushushwa daraja moja, na onyo hilo limo kwenye jalada lake, ukurasa wa mwisho. Mkataba wa shemeji haukuongezwa. Sasa anafundisha chuoni.

Jumapili bado huja kula. Haulizi tena habari za masijala, na mtunza masijala humweleza bila kuulizwa.